Kahawa ya Kutafuna kwa Ma Adela

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo gani, Mwanangu, na nani aliyeusikia wa kwanza hata tukaachiwa msemo? Nilimwuliza bibi yangu swali hilo miaka ya Ujamaa, nilipokuja likizo kijijini kwetu Kanazi kutoka Chuo Kikuu. Siku hizo nilikuwa nauliza kila kitu, hata kwa nini padri anaimba badala ya kusema. Bibi aliendelea kumenya ndizi.

Juma lile ukoo wetu uliketi kikao kwa jirani yetu Ma Adela, mjane ambaye hakujaliwa mtoto. Shemeji yake, Laurenti, alikitaka kibanja chake: migomba, mibuni, na kaburi la mumewe humo humo. Ma Adela alisema mumewe alimwachia kwa mdomo kabla ya kufa, lakini hakuwa na shahidi.

"Kaka yangu hakuusia neno," Laurenti alisema. "Kibanja kinarudi kwa ukoo. Huyu mama ataenda kijiji cha Ujamaa, atapewa pa kulima. Siku hizi ardhi si ya wote?"

Nilikuwa nimekaa na wanawake karibu na mlango, hotuba nzima ya usawa iko kooni. Nilipotaka kuinuka, Bibi alinitilia kahawa kiganjani, zile buni kavu tunazowapa wageni.

"Tafuna."

"Lakini Bibi..."

"Tafuna, msomi. Chuo hakikukimbii."

Nikatafuna. Wazee nao walitafuna, macho kwenye majani yaliyotandazwa sakafuni. Kwetu mtu akimaliza kusema huitikiwa, hata kama ni kwa kukaripiwa. Laurenti hakuitikiwa. Akakohoa. Akarudia maneno yake. Akacheka peke yake.

"Mbona mnaninyamazia?" aliuliza mwishowe. "Hata hayo aliyomwambia mkewe, alikuwa hajitambui. Wosia wa mtu mwenye homa nao ni wosia?"

Mzee wa ukoo akatema maganda.

"Kumbe aliusia," akasema.

Ma Adela alibaki katika kibanja chake mpaka alipolazwa kando ya mumewe.

Tukirudi nyumbani, Bibi aliniuliza, "Mshindo umeusikia?"

"Nimeusikia. Na wa kwanza kuusikia alikuwa nani?"

"Mwongo. Yeye huusikia kabla yenu wote."

Mwanangu, ukimjibu mwongo haraka, unampa fimbo ya kuegemea. Mwache asimame peke yake, utaona miguu yake. Ila usije ukanyamaza kwa woga ukasema ni busara. Hayo ni mambo mawili, na ni wewe tu utakayejua umefanya lipi. Mungu akupe ulimi unaoijua zamu yake, na migomba yako isiangushwe na upepo.

Bibi alipokwisha kufa, Ma Adela aliniambia jambo moja. Siku mumewe alipousia, Bibi alikuwa nyuma ya pazia akimpozea mgonjwa uji, na alisikia kila neno. Lakini ukoo wetu, wakati ule, haukupokea ushahidi wa mwanamke.