Mwezi wa Kupanda Rurambo

Magoti ya mama yalikuwa yamebakiza mlima mmoja. Ndivyo alivyosema mwenyewe, akiyapaka mafuta uani kwetu Kilibula: atapanda Rurambo mara moja tu, amwone dada yake, basi. Huyo dada yake, mama mukubwa wetu, alikuwa amezeeka kule juu na ng'ombe wake, na kushuka mjini alishashindwa. Swali likabaki moja: tupande mwezi gani?

Minye, yaani mimi, nikasema kiangazi. Nani asiyejua? Njia inakauka, vijito unaviruka bila kuvua viatu. Tukampigia simu mama mukubwa. Akakataa kwa ukali, sauti ikikatikakatika.

"Kiangazi musikuje! Ng'ombe ziko mbali, zinatafuta majani. Nitakupokea na nini? Na maji?"

Nilicheka, kisha nikakasirika. Mtu anataka ndugu yake au anataka maziwa? Mama hakucheka. Akanieleza kwamba kule kwao nyumba isiyo na maziwa haimkaribishi mgeni. Mwenye nyumba anaona aibu mpaka anajificha ndani na kumwomba jirani aseme hayupo.

"Hata kwa mdogo wake?"

"Huyo ndiye wa kwanza kufichwa," akasema.

Jamani! Kumbe sisi wa mjini tunachagua majira kwa kuangalia njia, na wao wanachagua kwa kuangalia ng'ombe. Jambo hilo halikuniacha. Nikawa ninamsimamisha kila aliyeshuka kutoka juu. Mama mmoja muuza viazi sokoni akanisifia mwezi wa tano, maziwa mengi mpaka yanamwagika, na huku mwenyewe ana tope hadi magotini. Mkulima wa Katogota aliyeoa huko juu akaniapia mwezi wa kumi na mbili. Nikamwuliza habari ya ukungu. Akajikuna kichwa.

"Ukungu iko, ndiyo. Lakini si unashika tu mukia ya ng'ombe, inakufikisha?"

Nikamwambia asante, baba, mama yangu hatashika mkia wa kitu chochote.

Mwishowe nikalipata: lile jua fupi la mwezi wa pili, mvua inapopumzika kidogo kabla ya kurudi na hasira zake. Njia inakauka nusu, na ng'ombe bado wako nyumbani. Mama mukubwa akakubali papo hapo, akasema atatungojea juu kabisa, pale mlima unapofunguka na njia kupita kwenda ng'ambo. Nilijivuna, acha tu.

Moto, pikipiki ya kukodi, ilituacha barabara inapoishia. Mama alipanda na fimbo yake, polepole, akinionyesha majani ambayo sikuyajua, nami nikiuliza hili linaitwaje, lile linaliwa? Baridi ikaanza kutuuma masikio. Ule mwanya wa mlima tulikuwa tunauona kabisa mama alipokaa juu ya jiwe.

"Minye nimefika," akasema.

"Bado, mama. Ni pale tu!"

"Magoti yamefika."

Hasira zilinipanda hadi machozi. Mwezi tuliupata, lakini magoti hayakuwa na habari na mwezi. Nikamvuta mkono, hakuinuka.

Ndipo nikaona watu wawili wakishuka kutoka mwanyani: kijana wa kike, na bibi kizee aliyeshikwa kiwiko, kibuyu kifuani. Bibi huyo alikuwa ametuona kutoka juu tukikwama.

"Yaya!" mama akamwita dada yake kwa kelele, akijaribu kusimama.

"Kaa chini! Weye ni mugeni."

Hakumsalimu, hakumkumbatia. Alifungua kwanza kibuyu, akamnywesha maziwa mdogo wake kwa mikono miwili, akangoja ameze.

"Sasa umefika kwangu," akasema, na hapo wakashikana, wakalia, wakacheka, wakasengenya watu waliokufa zamani. Minye pia nilikunywa. Sijaonja maziwa kama yale.

Ukungu ulipoanza kutuingilia, tukasimama. Kwetu mtu haagwi bila kuambiwa arudi lini. Mama mukubwa alimpangusa mama pua, kama mtoto.

"Tembea polepole," akamwambia.

"Na weye, yaya."

Nikangoja mmoja wao aseme mwaka ujao. Hakuna aliyesema. Nikalia bila aibu nikishuka, na mama akaniambia niangalie njia.