Pipa Lililonyimwa Saa Moja

Siku hizi mtu anajaza mafuta huku simu iko sikioni, lakini zamani zile kaka yangu hakumruhusu hata rubani aguse pipa ambalo halijatulia saa nzima.

Alikuwa mtu wa kituo cha petroli mjini kabla jeshi halijachukua uwanja wa shule yetu. Walikuja na helikopta nne, hema la majeruhi na lori la kumwagia vumbi maji. Madarasa yakageuka maghala. Mapigano yalikuwa nyuma ya vilima, dakika kumi na mbili kwa helikopta. Kaka akakabidhiwa mafuta, mimi mdogo wake nikapewa mpini wa pampu. Askari wakambandika jina: Chujio.

Pipa likishabingirishwa kutoka ghalani, alilisimamisha, akaliinamisha kwa tofali upande mmoja, akaliacha. Maji yaliyomo yazame, yakusanyike upande wa chini. Ndipo bomba liingie upande wa juu, na glasi ya kwanza itazamwe juani. Ikionekana hata tone la maji, pipa linarudi. Hakufundishwa na mtu yeyote mwenye cheti.

Asubuhi moja redio ikasema majeruhi kumi na mmoja wanasubiri kuchukuliwa. Pipa lilikuwa ndiyo kwanza limetoka ghalani. Fundi wa helikopta, aliyemwoa binti wa kaka, akaja mbio.

"Baba, leo tusamehe. Watu wanakufa kule."

"Posa yako niliikalia miezi mitatu ukavumilia," kaka akamwambia. "Leo saa moja inakushinda, mkwe wangu?"

Fundi akacheka. Meja, mkuu wa kambi, hakucheka.

"Chujio, acha porojo. Mafuta."

"Halijatulia, afande."

Meja akanigeukia. "Wewe, mdogo mtu, una mikono?"

Nilikuwa nayo. Nikapampu. Kaka alinishika bega, askari wawili wakamvuta kando.

Helikopta ikaruka, mkwe wetu akiwa ndani na rubani na muuguzi, na injini ikazimika juu ya vilima. Hakupona hata mmoja. Helikopta nyingine iliwafikia wale majeruhi jioni, ikawakuta watano tu wangali hai.

Meja akaandika kwamba Chujio alitoa mafuta bila kuyapima. Nikaitwa kwenye darasa lililokuwa ofisi yake. Karatasi ilikuwa tayari, ilikosa sahihi ya shahidi tu. Nikatia. Mke wangu alikuwa mjamzito na kibarua kile ndicho kilichotulisha. Sababu hiyo nimeitoa miaka yote, na bado inanuka. Meja alipandishwa cheo. Leo jina lake limechongwa kwenye jiwe pale uwanjani, na walimu wa siku hizi, wasiouliza kitu, wanawapanga watoto walisome kwa sauti.

Kaka alipewa siku mbili ahame mji. Niliwakuta kwenye geti la kambi wakipakia vitu kwenye lori, yeye na binti yake mjane.

"Baba mdogo," binti akaniuliza, "wewe ulikuwepo. Baba alikubali pipa lile litumike?"

"Alikataa."

"Na wao uliwaambia hivyo?"

Akanitazama mpaka nikainamisha macho, kisha akapanda. Kaka akasogeza godoro ili binti yake apate pa kuegemea, akagonga ubavu wa lori kwa kiganja, dereva akaondoa gari.