Mama wa Mwenye Kiwanda

Nilipomaliza chuo cha ualimu sikuajiriwa mara moja. Nilirudi nyumbani Kanja, asubuhi nikawa nachuma chai na mama, mchana nasubiri barua ya serikali, na miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo mwalimu mmoja aliyenifundisha zamani akaniambia kwamba Mchina mwenye kiwanda cha njugu za makadamia kule Kianjokoma alikuwa akimtafutia binti yake mtu wa kumfundisha Kiswahili. Mtoto alikuwa gredi ya tano, anafanya vizuri kila somo isipokuwa hilo, na babake hakuwa mtu wa kukubali kushindwa.

Kila mtu alimjua mwenye kiwanda, au alidhani anamjua. Alikuja na kampuni ya kujenga barabara akiwa kijana, fundi wa kuchomelea vyuma. Barabara ilipoisha wenzake walipanda ndege, yeye akabaki. Alipanga chumba nyuma ya bucha pale sokoni, akawa anazunguka kwa baiskeli kijiji hadi kijiji akinunua makadamia, mpaka Meru alifika. Wazee bado wanasimulia jinsi alivyokuwa akila githeri, anamaliza maharagwe yote kwanza ndipo anageukia mahindi. Nilipomjua mimi, alikuwa na kiwanda chenye mamia ya wanawake waliovaa kofia nyeupe, malori, ghorofa mjini Embu na timbo la mawe upande wa Mbeere. Mkewe alikaa Mombasa akisimamia makontena bandarini, na kila baada ya wiki mbili alikuja kukaa siku mbili tatu.

Nikiikumbuka nyumba ile leo, inanijia kama kitu nilichokiota. Ilikaa juu ya kilima, na asubuhi za mwezi wa saba ukungu uliizunguka mpaka ukadhani imeachiliwa ielee. Viatu vilipangwa mlangoni. Ndani kulikuwa na harufu ya tangawizi na ya mvua iliyoingia kwenye makoti. Tuliketi na mtoto mezani karibu na dirisha, tunasoma ngeli za majina, na mara kwa mara tulinyamaza wote wawili kwa sababu mlima ulikuwa umejitokeza kidogo, mweupe kichwani, halafu ukajificha tena.

Bibi alikuja katika mwezi huo wa baridi. Alikuwa mama yake mwenye kiwanda, mjane, na mwanawe alikuwa amemsihi miaka mingi aje waishi pamoja. Alishuka garini amevaa koti la pamba na viatu vya kitambaa, mwanamke mdogo wa umbo kama mtoto wa shule. Hakutazama nyumba. Alitazama chai iliyofunika vilima pande zote, akasema kitu kwa sauti ndogo. Nikamuuliza mtoto amesema nini.

"Anasema amerudi," mtoto akanijibu. "Lakini hajawahi kuja huku."

Baadaye nilielewa. Kwao pia ni milimani, na pia ni chai.

Akawa anakuja kuketi nasi wakati wa masomo. Alijifunza maneno machache: mvua, baridi, majani, kesho. Mimi aliniita Mwalimu, akiivuta ile *li* mpaka ikawa kama wimbo. Kwa mengine yote mtoto alikuwa mkalimani wetu, na nadhani alama zake za Kiswahili zilipanda kwa sababu ya nyanyake kuliko kwa sababu yangu.

Asubuhi moja, yapata wiki tatu tangu afike, bibi hakuonekana. Soja alikuwa amefungua lango gari la maziwa lipite, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuona nani mwingine aliyepita. Kila mtu alitoka kutafuta. Simu ikapigwa kiwandani. Mimi niliteremka njia ya mashambani, nikiita, na sauti yangu ilirudi kama imefunikwa blanketi. Ndipo nikasikia wanawake wakicheka.

Walikuwa ndani ya chai ya jirani wa mwenye kiwanda, mama mmoja mjane aliyekuwa na ekari moja na nusu. Kwanza niliona vichwa tu, vimekatwa na ukungu shingoni. Kisha nikamwona bibi katikati yao. Walikuwa wamemfunga leso kichwani na plastiki kiunoni, na mgongoni alikuwa na kikapu. Mikono yake miwili ilikwenda yenyewe, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, huku macho yake yakiwa mbali kabisa. Wale wanawake walikuwa wakicheka kwa sababu aliwaacha nyuma wote. Walimwita cucu, kama tunavyomwita nyanya kwetu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza ametoka wapi. Alikuja, wakaniambia, akaanza kuchuma akitia majani ndani ya koti lake, wakaona heri wampe kikapu.

Sikumwita. Nilisimama nikimtazama, na kwa muda nilisahau kwamba kuna watu waliokuwa wakimtafuta.

Mwanawe alikuja akipita katikati ya mistari ya chai na viatu vyake vya ofisini. Hakupandisha sauti. Alisema maneno machache kwa lugha yao, naye bibi akavua kikapu, akamrudishia mwenye kikapu kwa mikono miwili, wakapanda kilima pamoja bila kushikana. Jioni mtoto alininong'oneza kile alichosema babake. Alisema, nilivuka bahari ili usichume tena.

Tangu siku hiyo soja aliagizwa asimruhusu bibi kutoka peke yake. Mwanawe hakuwa mtu mkatili. Alimletea daktari kutoka mjini, akafungisha dishi ili apate vipindi vya kwao. Mkewe alileta kutoka Mombasa viatu vipya vya kitambaa na samaki wakavu. Bibi alishukuru kwa kila kitu na hakugusa chochote. Hakuja tena mezani kwetu. Alikaa chumbani ameugeukia ukuta, na wali wake ulirudi jikoni umepoa. Tulipoendelea na ngeli, mimi na mtoto, tulijikuta tukisema polepole, kana kwamba kuna mtu amelala.

Kisha mwenye kiwanda akanunua shamba. Ekari mbili za chai nzuri, hatua chache kutoka langoni, akalizungushia ua, akamwambia mama yake kwamba ni lake, achume akitaka au aache. Bibi alipelekwa siku moja. Alisimama kati ya mistari ile iliyonyamaza, akageuka, akarudi. Nilimuuliza mtoto kwa nini.

"Anasema hakuna mtu."

Juma lililofuata mwenye kiwanda aliniita ofisini. Sikuwa nimewahi kuingia kiwandani. Mashine za kubangua zilinguruma ng'ambo ya ukuta, na vumbi jembamba la maganda lilielea kwenye mwanga wa dirisha. Alinikaribisha kiti, akanimiminia chai mwenyewe.

"Mwalimu, wewe una mama," akasema. "Wangu hataki kitu. Nimekosea wapi?"

Niliogopa. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba yetu. Lakini alikuwa ameuliza kama mtu anayeuliza njia, kwa hivyo nikamweleza kuhusu mama yangu. Nilimwambia kwamba nilipopata mshahara wangu wa kwanza kutoka kwake, nilimwambia mama aache kwenda kwa chai, apumzike. Mama alikasirika siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza, nikikaa hapa nyumbani nitaongea na nani, na kuku? Nikamwambia mwenye kiwanda kwamba si vibaya kumwekea mzazi ahadi, ila sikujua kama mama yake alikuwa ameiomba ahadi ile ya kutochuma tena.

Halafu akaanza kunisimulia, mara kwa Kiswahili chake cha sokoni, mara akitafuta neno asilipate na kuonyesha kwa vidole. Alikuwa na miaka sita, akimsubiri mama yake pembeni mwa mashamba ya watu wengine. Majira ya baridi ngozi ya vidole vya mama yake ilipasuka, akawa anaipaka mafuta ya nguruwe ili majani yasipate damu. Mtoto yule aliapa kumtoa mama yake kwenye chai. Alifuata barabara zote, akafika mpaka huku, na kila gunia la makadamia alilofunga kwenye baiskeli alilifunga akifikiria vidole vile.

"Sasa amekuja," akasema, "na mahali pa kwanza anakimbilia ni hapo hapo."

Aliniambia nirudi kwa mtoto. Njiani niliamini nimepoteza kazi.

Kesho yake nilikuta lango liko wazi. Soja alinyoosha kidole kuelekea chini. Mtoto alikuwa ananisubiri amevaa gambuti, tukateremka mbio. Ukungu ulikuwa mwepesi siku hiyo, umepasuka hapa na pale, jua likiingia kwa vipande. Bibi alikuwa mahali pake kwenye chai ya yule jirani, kati ya wanawake, leso kichwani. Na mwisho wa mstari alisimama mwanawe, ameshika koti mkononi, kama mtu aliyefika kanisani kumbe ibada imeshaanza.

Alisimama hivyo kitambo. Kisha akaweka koti juu ya chai, akakunja mikono ya shati, akaingia kwenye mstari kando ya mama yake. Alianza vibaya, akikwanyua majani magumu. Bibi hakumtazama, lakini alinyoosha mkono akayatoa yale magumu, akayatupa chini. Mara ya pili akayatupa tena. Halafu vidole vya yule mtu vikakumbuka. Niliviona vikikumbuka. Vililegea, vikashika mwendo, na wale wanawake waliokuwa wamenyamaza kwa heshima ya tajiri wakarudia mazungumzo yao.

"Baba, nani alikufundisha?" mtoto akauliza.

Alijibu kwa Kiswahili, nadhani ili sote tusikie. "Huyu," akasema, akimwonyesha mama yake kwa kidevu.

Bibi alichuma katika shamba lile miaka mitatu, akilipwa kwa kilo kama wengine, na pesa yake akiinunulia ndizi za kugawa. Jumamosi mwanawe aliungana naye kwa saa moja hivi. Watu walikuja kutazama mara za kwanza, kisha wakazoea. Siku moja nilimpeleka bibi Kanja kumwona mama yangu. Waliketi nje ya jikoni wakimenya viazi, mmoja akisema kwa Kiembu, mwingine kwa lugha ya milima yake, na mtoto, aliyekuja ili awatafsirie, alilala kwenye nyasi. Hawakumwamsha. Mpaka leo sijui walizungumza nini mchana ule mzima.

Barua yangu ya serikali ilipokuja, nilitumwa shule ya msingi upande wa Kiambere, kwenye joto na mawe, na bwawa linang'aa chini kama bati. Mwaka uliofuata nilisikia kwamba bibi ameomba arudishwe kwao akiwa bado anaweza kutembea mwenyewe. Mwanawe hakubishana. Alimpeleka, akakaa naye miezi miwili, akarudi. Akaenda tena alipoitwa, na mara hiyo alirudi amefunga mkononi kitambaa cheusi cha msiba.

Walikuja kunitembelea Jumamosi moja, yeye na binti, ambaye sasa ananipita kimo na anasahihisha Kiswahili cha babake bila huruma. Tulishuka mpaka ukingo wa bwawa. Mama mmoja alitukaangia samaki, tukala kwa mikono chini ya mgunga. Mwenye kiwanda alinieleza alivyomzika mama yake kwenye mteremko, na kwamba siku ya tatu aliamka alfajiri, akaingia shamba la watu asiowajua, akachuma. Hawakumfukuza. Mzee mmoja alimpa kikapu.

Nilimpa pole. Aliitikia, akanawa mikono, akajinyoosha kwenye mkeka. Binti yake aliniambia hajawahi kumwona akilala mchana. Upepo wa bwawa ulikuwa na joto, na ng'ambo ya maji mbuzi walikuwa wakiteremka kunywa, wadogo kama punje. Tulimfunika uso kwa kofia yake jua lisimchome, tukakaa pale tukizungumza kwa sauti ya chini mpaka kivuli kikahama.