Kaka Yangu Alisoma Fatiha Juu ya Njia ya Zimamoto

Asalaam aleikum wapendwa. Nimemwomba mwenye ukurasa anisitiri jina, kwa sababu ninayetaka kumsema ni ndugu yangu wa tumbo moja. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, mjane, nakaa upande wa Likoni. Shule niliishia darasa la saba, ila Kurani niliihitimu, na riziki yangu ni mapishi ya harusi na maulidi. Mkiona nimeandika ovyo mnivumilie, nasema nanyi kama mmekaa barazani kwangu.

Mtaani petu nyumba zimebanana. Mwaka jana nyumba ya jirani yangu, nitamwita Mama Saumu, ilishika moto mchana kweupe. Gari la zimamoto lilikuja mbio, likafika kwenye kona likakwama, njia nyembamba. Tukabaki tunalitazama huku wanaume wakipokezana ndoo. Mamake Mama Saumu alikuwa mgonjwa wa kitandani, hakutoka. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, na hapo sitaki kusema zaidi. Kaka yangu mkubwa ndiye mzee wa mtaa, na msikitini yuko kwenye kamati. Siku ya maziko alilia mbele za watu akasema, "Wallahi njia hii haitabanwa tena nikiwa hai." Na kweli alituongoza mpaka kaunti, tukapewa masharti: njia iachwe pana gari lipite, na pembeni yake pasijengwe ghorofa.

Haukupita mwaka akaja tajiri mmoja ana ploti pale, anataka kujenga ghorofa saba na ukuta wake uingie njiani. Kaunti ikasema masharti hayaondolewi mpaka wananchi waulizwe. Kaka akanijia na magunia ya mchele na mbuzi wawili. "Mamangu, nipikie biriani ya watu mia. Tuna mkutano wa usalama wa mtaa." Mimi nikapika kwa moyo wote, nikijua ni kheri. Hata ndimu nilitia zangu.

Mkutanoni watu walitoana jasho. Mama Saumu alisimama akamuuliza afisa wa kaunti aliyekuja kusikiliza maoni yetu kuhusu ghorofa, "Mkishajenga huo ukuta, gari litapita wapi? Juu ya mapaa?" Watu wakacheka. Mzee mmoja akamjibu, "Nasi watoto wetu wapange wapi, bibi wee? Kila siku wanahamia Kiembeni, tunabaki wazee watupu." Neno lake nalo lilikuwa na haki. Mama Saumu akamwambia, "Nyumba tunazitaka, baba. Lakini tujenge tukijua tutatokea wapi." Mabishano yalipopamba moto, hakuna lililoamuliwa, kaka akainuka. "Jamani, chakula kinapoa. Tusome Fatiha, Mungu atie kheri." Nyinyi mnajua, kwetu Fatiha haikataliwi. Mikono yote ikainuka, hata ya Mama Saumu. Na aliyeitikia "Amin" kwa sauti kuliko wote ni mimi. Tukala, tukatawanyika.

Baada ya wiki mbili karatasi ikabandikwa kwa chifu. Imeandikwa kwamba wakazi wamekubali kwa kauli moja masharti yaondolewe, na makubaliano yakafungwa kwa dua.

Nilienda kwa kaka hata viatu nimevaa visivyolingana. Nikamkuta amejilaza mkekani, anachokoa meno.

"Kaka, watu walikubali lini?"

"Fatiha husomwa kwa jambo gani, mamangu? Posa ya mwanao si tuliifunga kwa Fatiha?"

"Kwenye posa watu walikubaliana kwanza!"

"Na hawa wamekula." Akacheka. "Usijitie hasira. Tajiri amenipa duka la chini pale kwenye ghorofa, na nyuma yake pana jiko zuri. Nimekuwekea wewe. Utaacha kuhangaika na masufuria ya watu."

Wallahi niligeuka nikatoka. Si kwa lile duka, walioahidiwa vitu ni wengi duniani. Ni ule mdomo. Mdomo ule ule uliolia kaburini, ukala kiapo, ndio uliochukua maneno ya Mola ukayafanya muhuri wa kuuzia njia ya watu. Na mikono yangu ndiyo iliyowashibisha wasibishane tena! Tangu siku ile harufu ya biriani inanichafua moyo, harusi mbili nimezikataa. Mbaya zaidi ni kwenye swala. Fatiha naisoma mara kumi na saba kwa siku, na kila nikiianza namwona yeye ameinua mikono, jicho moja linamtazama afisa.

Sasa kaunti imesema mwenye pingamizi afike Jumatatu. Mama Saumu amenijia, hakunilaumu, amenishika mkono tu. "Sisi tukisema wataona ni wivu. Ukisema wewe dadake, wataandika." Mamangu mzazi akapata habari. Akaniita, nikaitika abee, akasema, "Babako alipofariki ni nani aliyekulea? Ni nani aliyesimama walii wako ulipoolewa? Ukimwita kaka yako mwongo mbele ya serikali, siku nikifa usije kunizika."

Sijalala vizuri tangu hapo. Radhi za mama si kitu cha kuchezea, na dini yangu naijua. Lakini mama huyo miguu imemwisha, hainuki bila kushikwa watu wawili, na chumba chake ni cha mwisho kabisa kwenye njia hiyo hiyo. Nikimwambia hivyo anageukia ukutani, hataki kunisikiliza.

Leo ni Jumamosi. Ndugu zangu mnaosoma, wenye mama na wenye kaka, mnipe rai ya haki: niende nikaseme, au niinamishe kichwa nipate radhi?