Mpiga Pasi Asiyekwenda Haja

Katika kiwanda cha mashati, hata haja ndogo huombewa kibali. Watu arobaini wana kibao kimoja cha mbao chenye kamba. Anayekwenda chooni hukivaa shingoni kama ng'ombe wa maonyesho, naye msimamizi hutazama saa. Mpiga pasi hakuwahi kukivaa kwa miaka tisa. Alisimama juu ya mvuke kutwa nzima, jasho chapachapa, tone la maji halipiti kooni. Kwa ujuha huo wakambandika jina la Ngamia, na picha yake wakaibandika ukutani. Naye akavimba kichwa!

Basi mkojo ukaanza kumuunguza. Alikojoa matone, meno kayauma, kama anayepitisha pilipili. Akitoka tu, umembana tena. Aende hospitali? Thubutu! Kiwandani wangesema Ngamia kaokota kisonono. Afadhali figo zife, jina libaki.

Swahiba wake, mshona vifungo, akamchomolea vidonge viwili vilivyobaki alipougua jino.

"Meza, kaka. Dawa ni dawa."

"Hivi vya jino?"

"Kwani vitajuaje vimeingia kwa nani?"

Siku mbili akapata nafuu, akatembea kifua mbele kama daktari bingwa. Siku ya tatu homa ikamtetemesha, mgongo ukamkata, na mkewe akakuta chooni hakujamwagwa maji vizuri.

"Baba watoto, hii damu ya nani?"

"Labda ya mbu."

"Mbu gani huyo, ana ukubwa wa mbuzi? Vaa viatu, twende!"

Daktari, binti wa rika la mwanawe, alipima mkojo, kisha akamgonga taratibu mgongoni, usawa wa figo. Mzima mzima akaruka.

"Maambukizi yamepanda hadi kwenye figo, mzee wangu. Mwanamume mkojo ukimuunguza hangoji, anakuja apimwe. Ukiona damu, au homa, au mgongo ukiuma, ndiyo kabisa, siku hiyohiyo. Na vidonge vya kuazimana vilimnyamazisha tu mdudu, havikumuua."

Mpiga pasi akashusha sauti. "Siyo… ule wa aibu?"

"Tumepima, siyo huo. Hata ungekuwa huo, ungetibiwa vilevile. Kazini unakunywa maji?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Akafungua kinywa aeleze habari za kibao na picha, lakini maneno yalipofika ulimini yakamtia haya kuliko kisonono.

Wakamlaza, wakamtundikia dripu. Kesho yake msimamizi akapiga simu. Pole hakutoa.

"Mashati yanasafirishwa Ijumaa! Unarudi lini?"

"Subiri, bosi. Nakwenda chooni."

"Dakika ngapi?"

Mpiga pasi akailaza simu kitandani ikiendelea kufoka, akaburuta stendi ya dripu taratibu, hatua kwa hatua. Aliporudi, akanywa kwanza bilauri nzima ya maji, akamwomba mkewe ajaze nyingine.