Nywele za Likizo

Wake wa wanajeshi nawajua kwa nywele. Nina kibanda cha ususi pale Kenyatta Market, na mke wa mwanajeshi huja kusukwa siku mbili kabla mumewe hajarudi likizo kutoka vitani. Asipokuja, siulizi.

Jumamosi moja nilikuwa nimefika katikati ya kichwa cha mteja wangu wa miaka mingi, mama mmoja wa mtaa wa Jamhuri. Televisheni ilikuwa inapiga kelele ukutani. Msemaji wa serikali, shingo imebanwa na tai, alikuwa akituapia kwamba nchi zote rafiki bado ziko nasi katika vita hivi. Simu ya mteja ikalia; alikuwa mumewe, kutoka vitani. Alisikiliza huku mguu wake ukigongagonga kiti, kisha akaikata.

"Likizo imefutwa," akaniambia. "Wale wa nchi jirani wamefunga virago, wameenda kwao. Hakuna wa kushika zamu yake. Na wenzake wamechoka, anasema hata wakubwa wao hawajui tena wanapigania nini."

Nilibaki na kitana hewani, nikitamani kukirusha kwenye ile televisheni.

"Nikumalizie?"

"Fumua, dada."

Nikaanza kufumua rasta mojamoja. Msemaji akarudia kwamba hatuko peke yetu, tuko wengi. Mteja akainua kichwa, nusu kimesukwa, nusu kimesimama, akamkazia macho.

"Kama mko wengi hivyo, si mmoja aende ashike zamu ya mume wangu."