Paa Lililongoja Theluji Limuru

Juzi, kwenye treni ya kwenda Alby, kitongoji tunachoishi huku ughaibuni, mama mmoja Mkenya alikuwa akisoma kitabu cha majengo ya Uingereza. Akagusa picha ya nyumba ya kale, mbao nyeusi, paa limechongoka.

“Nyumba kama hii iko kwetu Limuru,” akamwambia Mkongo aliyeketi kando yake. “Waliijenga masetla, wale walowezi wa Kizungu. Mamangu alikuwa akifagia humo. Alituambia paa limechongoka ili nyani wasikae.”

“Na kitabu kinasema nini, mama?”

“Eti ili theluji iteleze.”

Kidole chake kikabaki juu ya paa pichani. Nami, niliyeketi nyuma yao, nikaiona akilini nyumba ile, miaka yote, ikingoja theluji Limuru.

Tuliposhuka, theluji ilikuwa ikianguka polepole. Masetla walihamia kwetu na mapaa yao. Sisi tumehamia kwenye theluji yenyewe, na Alby nzima sijaona hata ukuta mmoja unaofanana na wa kwetu.